Neno "liberal": mtu huru kutoka kwenye nini?

Swali: "Mimi ni mwanafunzi wa tafsiri. Nimepewa sentensi tatu za Kiingereza, zote zina neno 'liberal', na kila moja inanivuta upande wake. Ya kwanza inamwita seneta wa Marekani 'liberal' kwa sababu anataka serikali igharamie matibabu ya watu wote. Ya pili inasema chama cha Liberal cha Australia kimeahidi kupunguza kodi na kuvibana vyama vya wafanyakazi. Ya tatu inasema tajiri fulani alitoa mchango 'liberal' kwa hospitali. Kamusi yangu inasema mkarimu, huru, asiye na ubaguzi, mpenda mabadiliko. Je, hili ni neno moja au manne? Lilitoka wapi, ni sifa au tusi, na niliweke vipi kwa Kiswahili?"

Jibu:

Ndugu yangu, neno ni moja. Limetembea sana, ndiyo maana linaonekana kama manne. Nimehariri tafsiri za habari za siasa kwa miaka mingi, na sijaona kivumishi cha Kiingereza kinachoharibu kazi nzuri kama hiki, kwa sababu mtafsiri hukishika kwa maana aliyokutana nayo kwanza, kisha akaendelea nayo hadi ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo nikupe kwanza swali ninalojiuliza mimi kila ninapokiona: hapa msemaji anamtaka mtu awe huru kutoka kwenye nini? Utumwa, uchoyo, chuki za dini, mfalme, ushuru au umaskini? Jibu likibadilika, maana ya neno hubadilika nalo, ingawa herufi ni zile zile saba.

Mwanzo wake ni Kilatini. Warumi walikuwa na neno liber, yaani mtu huru, asiyemilikiwa na mtu. Watoto wa nyumba waliitwa liberi, kwa kuwa chini ya paa moja waliishi watu wa aina mbili, waliozaliwa huru na walionunuliwa. Kutoka liber likapatikana liberalis: lenye kumhusu mtu huru, lenye kumfaa mtu huru. Hapa wewe unayesoma Kiswahili una bahati ambayo Mwingereza hana, kwa sababu unalijua neno muungwana. Muungwana kwa asili ni aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Kisha likawa jina la mtu mwenye adabu, asiye mchoyo, asiyeropoka. Tunaposema muungwana ni kitendo, hatuulizi tena mtu kazaliwa na nani. Tunatazama mwenendo wake. Liberalis lilipita njia hiyo hiyo. Lilianza na hadhi ya mtu, likaishia kwenye tabia iliyotarajiwa kwa mwenye hadhi hiyo. Aliye huru ana mali yake na anaweza kutoa. Ndiyo maana Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Kirumi, alipoandika juu ya wajibu mwaka 44 KK, alilitumia neno liberalitas kwa maana ya ukarimu.

Elimu nayo ilipewa jina hilo. Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, katika barua zake kwa rafiki yake Lucilius, alieleza kwamba masomo fulani huitwa liberalia kwa sababu yanamstahili mtu huru. Katika Zama za Kati yalihesabiwa saba: sarufi, balagha na mantiki, kisha hesabu, jiometri, muziki na elimu ya nyota. Upande wa pili zilisimama kazi za mikono, ambazo baadhi ya wasomi waliziita kazi za kitumwa. Ukumbuke mpaka huo kati ya liberalis na servilis. Tutaukuta tena Uhispania, ndani ya bunge, katikati ya vita.

Kabla sijaiacha Roma, nikuonye kuhusu ndugu wa uongo. Kilatini kina neno jingine liber, lenye maana ya kitabu, na hilo asili yake ni gome la ndani la mti. Maktaba kwa Kiingereza inatokana na hilo la gome, wala haina undugu na uhuru, ingawa watu wengi hupenda kuviunganisha. Ndugu wa kweli wapo. Jina la nchi ya Liberia ni mmoja wao. Mwingine ni kitenzi cha Kiingereza cha kukabidhi au kuokoa, "deliver", ambacho asili yake ni kumwachia mtu huru. Na kuna neno "livery", sare za watumishi wa nyumba za wakubwa, lililopitia Kifaransa kutoka kwenye mzizi huo huo, kwa kuwa zilikuwa nguo walizokabidhiwa watumishi. Mzizi wa uhuru ukaishia mgongoni mwa mtumishi. Kila ninapofundisha somo hili mimi husimama hapo kidogo, maana kisa hicho kinaonyesha jinsi maneno yanavyofuata matumizi na kuiacha nyuma asili yake.

Kiingereza kililipokea neno hili kupitia Kifaransa katika karne ya 14. Kwa miaka mia nne hivi halikuwa na siasa ndani yake. Lilimaanisha elimu ya muungwana, mkono mpana, kipimo kisichobana. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, katika Mithali 11:25, inaitaja nafsi "liberal" kuwa ndiyo itakayonenepeshwa, na Biblia ya Kiswahili mahali hapo inasema mtu mkarimu. Tafsiri sahihi kabisa. Tunaposema hadi leo tafsiri "liberal", yaani tafsiri huru isiyofuata neno kwa neno, tunatumia maana hiyo ya kutobana. Lakini kutobana kuna upande wake mbaya, na Waingereza wa wakati wa Shakespeare waliujua. Katika tamthilia yake ya Othello, mhusika Desdemona anamwita mwenzake Iago mshauri "liberal" akimaanisha mtu mwenye mdomo mchafu, asiyejizuia. Mkono ukilegea ni ukarimu. Ulimi ukilegea ni utovu wa adabu. Kwa hiyo swali lako la sifa au tusi lina umri mkubwa kuliko siasa zenyewe.

Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 inalieleza neno hili kwa maana tatu: asiye duni kwa kuzaliwa wala kwa moyo, lenye kumfaa muungwana, na mkarimu. Chama, bunge, soko, kura, hakuna hata kimoja. Kilichotokea ndani ya miaka 60 iliyofuata ndicho kiini cha swali lako.

Kwanza, mkono mpana ukawa akili pana. Katika nusu ya pili ya karne ya 18 waandishi walianza kumwita mtu "liberal" kwa kuwa hafungwi na chuki za kurithi, hasa za dini. Mwaka 1790 George Washington aliwaandikia Wayahudi wa Newport, Rhode Island, akaisifu nchi yake mpya kwa kuupa ulimwengu mfano wa sera pana na "liberal", kwa maana kwamba uhuru wa dhamiri ulikuwa haki ya wote na hakuna kundi lililolihurumia jingine. Adam Smith, mwanauchumi wa Uskoti, katika kitabu chake cha mwaka 1776 juu ya utajiri wa mataifa, anatuonyesha neno likigeuka mbele ya macho yetu. Mahali pamoja anazungumzia malipo "liberal" ya wafanyakazi, yaani ujira mnono, na anasema ni dalili ya nchi inayozidi kutajirika. Mahali pengine anaeleza mpango "liberal" wa usawa, uhuru na haki, ambao unamwacha kila mtu atafute faida yake kwa njia yake. Mwandishi ni yule yule na kitabu ni kile kile. Katika maana ya kwanza kuna mtu anayetoa. Katika ya pili kuna mtu anayeachwa. Ugomvi wa miaka 200 iliyofuata umetokana na pengo hilo kati ya kupewa na kuachwa.

Kisha yakaja mapinduzi ya Ufaransa. Novemba 1799, siku aliyotwaa madaraka, Napoleon alitangaza kwamba mawazo ya kihafidhina, ya ulinzi na ya "kiliberali" yamerudishiwa haki zake. Ndiyo, mhafidhina na mliberali ndani ya sentensi moja, bila kupigana. Mwaka 1799 maneno hayo mawili hayakuwa bado majina ya kambi.

Kambi zilizaliwa Uhispania. Majeshi ya Napoleon yalikuwa yameivamia nchi na mfalme Ferdinand VII alikuwa mateka Ufaransa. Septemba 1810 wajumbe wa Uhispania na makoloni yake ya Amerika na Ufilipino walikutana kama bunge, kwanza kwenye Isla de León, kisha ndani ya mji jirani wa Cádiz, uliokuwa umezingirwa na Wafaransa. Novemba mwaka huo walipitisha uhuru wa magazeti ya siasa. Tarehe 19 Machi 1812 walitangaza katiba iliyosema kwamba mamlaka ya juu ni ya taifa, si ya mfalme. Wajumbe waliopigania mambo hayo wakaitwa liberales. Na waliotaka mfalme abaki na enzi yake yote wakaitwa serviles, wa kitumwa.

Unaona? Ni ule mpaka wa zamani wa Kilatini, liberalis na servilis, lakini safari hii si baina ya bwana na mtumwa wake. Ni baina ya raia asiyekubali kumilikiwa na mfalme na raia anayekubali. Neno lililokuwa fahari ya wenye nyumba kubwa likawa madai ya raia. Kiswahili kingefanya jambo hilo hilo kama kundi la wabunge lingejiita Waungwana na kuwaita wapinzani wao Watwana. Ni lugha ya kuchoma, na ilikusudiwa ichome.

Sitaki uwaone watu wa Cádiz kuwa malaika. Katiba yao ilishika dini moja, Ukatoliki, ikakataza nyingine. Watumwa haikuwafungua. Watu huru wa makoloni wenye asili ya Afrika iliwanyima uraia, isipokuwa wachache ambao wangethibitisha sifa za pekee. Hata walipolitangaza neno hili kwa ujasiri mkubwa, kulikuwa na watu waliosimama nje ya mlango wakilisikia. Hilo utalikuta katika kila ukurasa wa historia yake. Ferdinand aliporudi mwaka 1814 aliifuta katiba na kuwafunga au kuwafukuza waliberali wengi, na wengine wakakimbilia London. Jina walikwenda nalo.

Waingereza mwanzoni hawakulipenda. Waandishi wa upande wa mfalme waliwacheka wapinzani wao kwa kuwaita kwa umbo la Kihispania au la Kifaransa. Mshairi Robert Southey aliandika mwaka 1816 juu ya "Liberales" wa Uingereza, kana kwamba anasema ninyi si wenzetu, ni mapandikizi. Vyama vya Uingereza vina kawaida hiyo, maana hata Whig na Tory, majina ya makundi mawili makubwa ya zamani ya bunge lao, yalianza kama matusi. Walioitwa hivyo walilibeba jina, wakalivaa. Tarehe 6 Juni 1859 makundi ya Whig, wafuasi wa marehemu Robert Peel, aliyekuwa waziri mkuu, na wanamageuzi wakali walikutana katika ukumbi wa Willis's Rooms, London, wakaungana kuiangusha serikali, na siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa kuzaliwa kwa Chama cha Liberal. Kiongozi wake mashuhuri, William Gladstone, alikuwa waziri mkuu mara nne.

Uliberali wao ulikuwa wa kuacha. Acha ngano iingie nchini bila ushuru, acha mtu afanye biashara, acha kila mtu aabudu apendavyo, serikali ipunguze matumizi. Kama mhariri angeniuliza wakati huo nilitafsiri vipi, ningesema huria, basi. Na mwaka huo huo wa 1859 mwanafalsafa Mwingereza John Stuart Mill alichapisha kitabu chake juu ya uhuru, ambacho wengi bado wanakiona kuwa utetezi bora zaidi wa mtu mmoja dhidi ya nguvu za umma. Nakipenda. Lakini nikikusomea kurasa zilizo nzuri lazima nikusomee na ile nyingine, ambapo Mill anasema utawala wa kidikteta ni halali kwa watu aliowaita washenzi, mradi lengo liwe kuwaendeleza. Alikuwa ameitumikia Kampuni ya Uhindi ya Mashariki, kampuni ya Kiingereza iliyoitawala sehemu kubwa ya Uhindi, tangu mwaka 1823 hadi 1858. Wahindi na Waafrika waliotawaliwa na mawaziri wa Chama cha Liberal walikutana na upande huo wa neno kabla ya mwingine wowote. Ukikuta mwandishi kutoka nchi iliyotawaliwa anaandika "liberal" kwa uchungu, usidhani amekosea matumizi. Anakumbuka.

Sasa tufike pale maana ilipopinduka. Mwaka 1881, huko Leicester, mwanafalsafa T. H. Green alitoa mhadhara juu ya sheria za kiliberali na uhuru wa mikataba. Hoja yake naifupisha hivi: mfanyakazi mwenye njaa anayesaini mkataba wowote anaowekewa mbele hayuko huru, hata kama hakuna aliyemshika mkono. Uhuru wa kweli ni uwezo wa kufanya jambo lenye thamani. Kwa hiyo sheria inayoweka mipaka kwa mwajiri inaweza kumwongezea mwananchi uhuru badala ya kumpunguzia. Kwangu mimi, huu ndio mgeuko mkubwa kuliko yote katika maisha ya neno hili. Adui wa uhuru alikuwa mfalme. Green akaonyesha kwamba adui anaweza kuwa umaskini. Na ukikubali hivyo, dola inayokusanya kodi inaweza kuwa rafiki.

Waliberali wa Uingereza walitekeleza. Sheria ya mwaka 1908 iliwapa wazee maskini waliotimiza miaka 70 pensheni ya hadi shilingi 5 kwa wiki, iliyoanza kulipwa Januari 1909. Bajeti ya waziri wa fedha David Lloyd George ya mwaka 1909 iliwatoza matajiri zaidi, na mwaka 1911 ikaja bima ya taifa ya maradhi na ukosefu wa kazi. William Beveridge, ambaye ripoti yake ya mwaka 1942 ndiyo msingi wa huduma za jamii za Uingereza baada ya vita, alikuwa mliberali. Mwanauchumi John Maynard Keynes vivyo hivyo.

Marekani ililichukua neno likiwa na maana hii mpya. Wanamageuzi wa huko walikuwa wakijiita "progressive", jina ambalo chama cha Theodore Roosevelt kilibeba mwaka 1912. Franklin Roosevelt, akikubali uteuzi wa Chama cha Democratic mjini Chicago mwaka 1932, alisema chama chake lazima kiwe cha fikra za kiliberali na vitendo vilivyopangwa. Kisha zikaja ajira za serikali, ulinzi wa vyama vya wafanyakazi na sheria ya hifadhi ya jamii ya mwaka 1935, na yote hayo yakavishwa jina hilo. Herbert Hoover, rais aliyeshindwa, alilalamika kwamba ameibiwa: kwake yeye mliberali wa kweli alikuwa anayeizuia serikali isimeze uhuru wa mtu. Friedrich Hayek, mwanauchumi mtetezi wa soko huria, alikuwa na lalamiko hilo hilo, na mwaka 1960 aliandika insha kueleza kwa nini hakuwa mhafidhina, huku akikiri kwamba jina la mliberali halimfai tena mbele ya Wamarekani. Wenye msimamo kama wake huko wengi walihamia jina jingine, "libertarian", yaani mtu anayetaka serikali iwe ndogo kabisa, na hilo usilichanganye na hili kamwe.

Je, nani alikuwa sahihi, Roosevelt au Hoover? Kwa historia ya neno, wote wawili. Hoover alishika maana ya kuachwa, Roosevelt ya kuwezeshwa, na zote mbili zimo tangu kwa Adam Smith. Mimi binafsi naona hoja ya Green haijajibiwa vizuri na wanaoipinga, lakini kazi ya mtafsiri si kumchagulia mwandishi upande. Ni kuujua upande wake.

Kuhusu sifa na tusi, Marekani ndiyo shule. Septemba 1960 John Kennedy, mgombea urais wa Democratic, alisimama New York akasema kwamba kama mliberali ni mtu anayetazama mbele, anayepokea mawazo mapya na anayejali afya, makazi, shule na haki za watu, basi anajivunia kuwa mmoja. Miaka 28 baadaye Rais Ronald Reagan, wa chama pinzani cha Republican, alikuwa akilitaja kama neno la kuogopwa, la kutajwa kwa herufi yake ya kwanza tu. Michael Dukakis, mgombea urais wa Democratic mwaka huo wa 1988, alilikwepa kampeni nzima. Alipokuja kukiri kwamba yeye ni mliberali wa mapokeo ya Roosevelt, Truman na Kennedy, Oktoba ilikuwa inaisha na uchaguzi uko mlangoni. Wengi wa upande wake wamerudi kwenye "progressive". Kwa hiyo katika habari za Marekani mtazame msemaji: mpinzani akilitamka, mara nyingi analaumu, msomi wa sayansi ya siasa akilitamka, anaainisha.

Na Australia yako? Hapa jibu liko kwenye viti vya bunge kuliko kwenye falsafa. Marekani haikupata chama kikubwa cha wafanyakazi, kwa hiyo waliberali walibaki ndio upande wa kushoto. Australia ilikuwa na Chama cha Labor chenye nguvu mapema mno. Mwaka 1904 kilikwisha kuunda serikali ya taifa. Kiti cha kushoto kilikuwa na mwenyewe. Mwanasiasa Robert Menzies alipowakusanya wapinzani wa Labor mwaka 1944 na kuwapa jina Liberal, alimaanisha mtu binafsi, biashara yake na nyumba yake, mbali na mipango ya serikali. Chama hicho ndicho kambi kuu ya wahafidhina huko, hata Waaustralia wenyewe hulazimika kusema "liberal" wa herufi ndogo wanapotaka kutaja fikra badala ya chama. Ulaya bara ni karibu na hivyo, kwani mliberali wa Ujerumani au Uholanzi kwa kawaida ni mtetezi wa soko. Kanada chama cha jina hilo kimekaa katikati, na mara nyingi huelemea kushoto. Japani, Chama cha Liberal Democratic kilichoundwa mwaka 1955 ni cha kihafidhina. Urusi, chama cha Vladimir Zhirinovsky kilichoitwa hivyo hivyo kilikuwa cha utaifa mkali. Jina la chama ni jina la mtu: Baraka anaweza kuwa mkorofi.

Afrika Kusini nisiipite mbio. Chama cha Liberal kilichoanzishwa huko mwaka 1953, mwandishi Alan Paton akiwa miongoni mwa waanzilishi, kilipokea wanachama wa rangi zote na baadaye kikadai kura kwa kila mtu mzima. Mwaka 1968 serikali ya ubaguzi ilitunga sheria iliyopiga marufuku vyama vya siasa vya rangi mchanganyiko, na chama kikajivunja badala ya kuwafukuza wanachama wake kwa rangi. Huko neno lilipata utukufu, lakini hata huko wapiganaji wengi Weusi walilitumia kwa lawama, wakimkusudia Mzungu mwenye huruma anayetaka kuwasemea. Ukitafsiri maandishi ya miaka hiyo, soma aya nzima kabla ya kuchagua neno.

Kiambishi "neo", yaani -pya, kilipoongezwa mbele yake, waliokiongeza walikuwa marafiki zake. Agosti 1938 wasomi walikutana Paris kujadili namna ya kuuokoa uliberali wa soko ulioanguka pamoja na uchumi wa dunia, na jina la uliberali mamboleo likapendekezwa hapo. Mwanauchumi wa Marekani Milton Friedman alilitumia kwa wema mwaka 1951. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Chile mwaka 1973 na ubinafsishaji uliofuata, waandishi wa Amerika ya Kusini walilifanya neno la lawama, na leo karibu hakuna anayejiita hivyo. Hapo Mmarekani anaweza kuwa mliberali na wakati huo huo akapinga uliberali mamboleo kwa nguvu zote, bila kujipinga.

Kinyume chake, mtu anaposema demokrasia ya kiliberali, hazungumzii kodi wala pensheni. Anazungumzia mahakama zisizoamriwa, magazeti huru, haki za walio wachache, mipaka kwa aliyeshinda kura. Viktor Orbán wa Hungaria aliposema mwaka 2014 kwamba anajenga dola isiyo ya kiliberali, aligusa maana hiyo, ile ya Cádiz. Mtafsiri aliyeandika "dola isiyo karimu" au "isiyo ya mrengo wa kushoto" angepoteza habari yote.

Sasa tafsiri yenyewe. Kwa fikra na wafuasi wake katika siasa, tumia uliberali, mliberali, -a kiliberali. Ni maneno ya kukopa lakini wasomaji wanayajua, na yanabeba utata wa asili bila kuuficha. Kwa uchumi, huria: soko huria, biashara huria. Kwa masomo, sanaa huria imekwisha kuzoeleka. Kwa mkono wa kutoa, rudi kwenye Kiswahili cha kila siku, ukarimu na unono. "Mpenda mabadiliko" ya kamusi yako iache kabisa, maana wapo waliberali wanaotetea hali iliyopo na wapo wahafidhina wanaobomoa kila kitu. Na majina ya vyama usiyatafsiri kwa fikra. Yaache kama majina, kisha umwambie msomaji chama hicho kimesimama wapi.

Sentensi zako, basi. Ya kwanza ningeiandika: "Seneta huyo, mliberali kwa maana ya Kimarekani ya mtu anayetaka serikali ibebe huduma za jamii, anataka matibabu ya wote yagharamiwe na serikali." Maelezo hayo yaweke mara moja tu, mwanzoni mwa habari. Ya pili: "Chama cha Liberal, ambacho ndicho chama kikuu cha kihafidhina nchini Australia, kimeahidi kupunguza kodi na kuvibana vyama vya wafanyakazi." Ya tatu haihitaji neno la kukopa hata kidogo: "Tajiri huyo aliipa hospitali mchango mnono."